Ushuhuda wa Kuazima

Niyokwizera alitamani kubatizwa kuliko alivyotamani chumvi katika mboga, lakini alikosa kitu kimoja: dhambi ya kueleweka.

Katika kanisa lao dogo la udongo pale Ujiji, kila aliyetaka kuzamishwa ziwani alisimama kwanza mbele ya waumini, akashuhudia jinsi Bwana alivyomgeuza. Asiyeshuhudia alisubiri ubatizo wa mwaka unaofuata, na Mchungaji Meshack hakumpendelea mtu. Wenzake walikuwa na hazina. Mzee Feliksi, kwa mfano, enzi za ulevi wake alitumbukia yeye na mbuzi katika shimo la kuivishia ndizi za pombe, akalala humo mpaka asubuhi akimwita mbuzi "mke wangu". Kila aliposimulia, kanisa liliitikia "Amina!" hadi vumbi likadondoka kutoka darini.

Niyokwizera je? Alivuka ziwa kutoka Burundi pamoja na mumewe Gahungu, mwaka ule wa vilio, na sasa walikuwa katika mwaka wa tatu wa ukimbizi. Hakunywa, hakugombana, na hata kusengenya kulimshinda kwa kuwa Kiswahili chake kilikuwa bado kinatambaa. Kutwa alianika dagaa mchangani, akiwageuza na kuwafukuza kunguru. Jioni alifunga furushi. Chungu, blanketi na nguo mbili tatu alivikusanya ndani ya kitenge chake kizuri, akakaza fundo, akaliweka furushi nyuma ya mlango, tayari kwa kukimbia. Ndipo aliposali na kulala, sikio moja likiwa macho. Hilo, alijiambia, si dhambi wala si ushuhuda.

Siku mbili kabla ya ubatizo alimweleza Leonia, jirani yake, Muha mwenye kicheko cha kusikika mpaka kijiji cha Simbo.

"Dada, huna hata kaulevi kadogo?" Leonia aliuliza, akigeuza dagaa.

"Sina."

"Hata kumpiga mume?"

"Umemwona Gahungu alivyo? Nikimpiga nitavunjika mimi."

"Basi nitakuazima ushuhuda wangu, niuchanganye na wa wengine kidogo. Nani atakumbuka?"

Jumapili ilipofika, Niyokwizera alijitanda kitenge chake kizuri, akasimama mbele ya watu.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Mimi nilikuwa mlevi. Nilikunywa pombe ya ndizi kutwa kucha. Nikirudi nyumbani, nilimpiga mume wangu kwa mwiko."

"Aaa!" waumini waliguna kwa utamu. Macho yote yakamgeukia Gahungu, aliyekuwa amekaa mstari wa nyuma na mabega yake mapana kama mlango. Leonia aliinamisha kichwa, akauma ncha ya khanga.

Guno lile lilimpa Niyokwizera ujasiri uliopita kiasi. "Usiku mmoja nilitumbukia shimoni. Nikalala na mbuzi, nikamwita mbuzi—"

"Hapana!" Mzee Feliksi alisimama, fimbo juu. "Mchungaji, huyo mbuzi ni wangu!"

Gahungu naye akanyanyuka polepole, mkono juu kama mwanafunzi. "Na mimi, Mchungaji, naomba kuuliza. Nilipigwa lini?"

Kanisa lilipasuka kwa kicheko. Wanakwaya waliangukiana, na Mchungaji Meshack aliuficha uso nyuma ya Biblia, ikabaki Biblia inatetemeka. Niyokwizera alisimama akiwa ameshika mdomo. Ubatizo umekwenda na maji, alifikiri. Mwaka mzima tena! Lakini badala ya machozi, kitu kilimpanda kutoka tumboni, kikamtekenya koo, kikatoka. Alicheka. Alicheka mpaka akajishika ubavu, na Gahungu akaacha kucheka ili amtazame, maana tangu wavuke ziwa hakuwahi kukisikia kicheko kile.

Mchungaji alipopata sauti, alisema kwa upole, "Mwanangu, Bwana hahitaji kuazimiwa. Sema chako, hata kama ni kidogo."

"Sina, Baba Mchungaji." Alijifuta macho kwa ncha ya kitenge, na hapo mkono ukasimama. Alikitazama kitenge kile kana kwamba mtu amemvika sasa hivi. "Mana yanje! Mungu wangu! Hiki ni cha furushi."

Alilinyanyua pindo lake, waumini walione.

"Kila jioni nilikifunga, nipate kukimbia. Juzijuzi mvua ilitaka kulowesha dagaa, nikakifungua haraka, nikawafunika. Baadaye nilikifua, nikakianika. Na sijakifunga tena! Chungu kiko jikoni, kinapika maharage. Blanketi liko kitandani. Nimelala masikio yote mawili." Alimgeukia mumewe. "Kweli au si kweli?"

"Kweli," Gahungu alijibu. "Na unakoroma."

"Fundo nililisahau, sala sikuisahau hata siku moja. Nilimwomba Bwana alinde mlango, kumbe alishaingia ndani, na mimi sikumsikia kwa kuwa nilikuwa nasikiliza nje. Huyo Niyokwizera wa furushi simwoni tena. Mimi ndiye huyu, anayecheka. Basi."

Vumbi lilidondoka darini.

"Twendeni ziwani," Mchungaji Meshack alisema.

Walishuka ufukweni wakiimba, wakipita kando ya dagaa walioanikwa. Maji yaleyale aliyoyavuka kwa hofu yalimfika kiunoni. Mchungaji alimzamisha, akamwinua, naye akaibuka akicheka na kukohoa, dagaa mmoja hai akirukaruka katika ukosi wa gauni lake.

"Hata dagaa huyo Mzee atadai ni wake!" Leonia alipiga kelele, akimwonyesha Mzee Feliksi kwa kidole.

Mzee alijibu kwa kuutupa mwili wake majini pamoja na viatu, akapiga mbizi ya furaha. Gahungu aliingia hadi magotini, akakikunjua kitenge kikavu alichokuwa amemshikia, akamfunika mkewe mabegani, akakiacha kining'inie bila fundo.