Jina la Tatu

Kufikia saa moja asubuhi foleni ilikuwa imezunguka kona ya ukuta wa shule, na Mirriam alikuwa amesimama kwenye maji yaliyovuja kutoka vyooni, kwa kuwa hapo ndipo nafasi ya namba nne ilipoangukia. Hakusogea. Ukisogea, utaulizwa umetoka wapi.

Ilikuwa Ijumaa ya tisa. Kila Ijumaa Mwalimu Lusweti, naibu wa mwalimu mkuu, alitoka na daftari jeusi akasoma majina ya watoto wanaongojea nafasi Gredi ya Kwanza. Mzazi aitike. Asiyeitika, mtoto wake hukatwa kwa kalamu nyekundu, aanze upya mkiani. Ndiyo maana akina mama walijifunza kuitikiana. Mwalimu hakuinua macho daftarini. Sauti ya mwanamke yeyote ilimtosha. Mara mbili Mirriam alipokwenda kufua nguo za watu mtaa wa Komarock, Qali, mama wa Keynan, namba tatu, alimwitikia.

"Mama Jacky, umesikia? Leo wanataka kopi ya cheti cha kuzaliwa," Qali alisema. "Bila kopi hupokelewi."

"Yangu ililowa. Nyumba inavuja."

"Basi nipe cheti, nikutolee pamoja na ya Keynan. Yule wa kutoa kopi pale steji ya matatu amefungua. Wewe niitikie tu."

"Mbio basi."

"Wallahi sikai. Na upaze sauti. Wewe huitika kama mtu anaomba chumvi kwa jirani."

Wakacheka. Qali akainua buibui lake kidogo, akaruka maji, akaenda.

Jacky alikuwa na miaka saba. Chekechea yake ya mabati ilisombwa na mafuriko pamoja na ubao wake. Siku hizi alishinda mlangoni akitazama sare za wenzake zikipita, na mtu akimuuliza yuko darasa gani, hutaja darasa la rafiki yake.

Lango likalia.

"Nafasi ni tatu," alisema Mwalimu Lusweti. "Watoto watatu wamehama. Tatu, si nne. Kwa hivyo mtu asinisukume."

Namba moja akaitika. Namba mbili akaitika.

"Keynan Mohamednur."

Mirriam alifungua mdomo. Pumzi ilikuwa tayari kifuani. Tatu ikitoka, akawaza, nne inakuwa tatu. Hakutaka kuwaza hivyo, lakini alikwisha kuwaza. Akangoja mwingine aitike. Nyuma yake walikuwa wanawake zaidi ya sitini, na hakukuwa na hata mmoja asiyemjua Qali. Mama Luseno, namba tano, aliinama ghafla akaanza kufunga kamba za raba zake. Foleni nzima ilinyamaza, maana foleni nzima ilikuwa inasogea hatua moja.

"Keynan Mohamednur. Mara ya mwisho."

Kalamu nyekundu ikapita.

"Jacky Ndung'u."

"Yupo!" Ilimtoka kwa nguvu hata mwalimu akainua macho.

Alisoma mpaka mwisho, akafunga daftari. "Wanaoingia ni namba moja, namba mbili, na Munene Mugo. Wengine, Ijumaa."

"Munene?" Mama Luseno alipayuka. "Huyo ni namba ngapi? Mbona hatujawahi kumsikia?"

"Ana barua."

"Barua ya nani, mwalimu?"

"Mama, unataka kusoma barua ama unataka mtoto wako asome? Hebu nikumbushe jina lako."

Mama Luseno akalegeza sauti. "Nilikuwa nauliza tu."

"Kaulizie nyumbani." Akamtazama Mirriam. "Na wewe wa kupiga kelele, sasa ni namba moja. Shukuru."

"Asante, mwalimu," Mirriam alisema.

Qali alirudi akihema, karatasi kifuani. "Stima ilipotea, mashine ikazima. Uliniitikia?"

"Niliitika. Hakusikia."

Qali alimtazama, kisha akawatazama wanawake waliokuwa nyuma. Kila mmoja alikuwa na mkoba wa kupanga, au leso ya kukaza.

"Si nilikwambia? Hiyo sauti yako!" Alijaribu kucheka, kicheko kikakataa. "Ni makosa yangu, dada. Ningeomba mwenye koo." Akampa Mirriam cheti cha Jacky na kopi yake, akavilainisha kwanza kwa kiganja visiwe na mikunjo. Kisha akashika njia kando ya ukuta, akapita foleni nzima, kwenda kuandikisha jina la Keynan mkiani.

Mirriam hakugeuka kumwangalia.

Mama Luseno, sasa namba mbili, alisogea mpaka pumzi yake ikamgusa Mirriam shingoni.

"Mama Jacky," alisema kwa upole, "Ijumaa ukipata kazi ya kufua, wewe nenda tu. Mimi nitakuitikia."