Mkaa Ndani ya Amplifaya

Mwaka wa pili tangu wanunuzi binafsi wa pamba waruhusiwe, fedha zilipatikana; kila kikundi cha ngoma kijijini Kasoli kilitaka amplifaya, na kila amplifaya iliyougua ilipelekwa kwa Nyamizi. Alikuwa fundi, naye alilijua hilo. Hata waliosema mwanamke hawezi umeme walimletea redio zao, ila kwa mlango wa nyuma.

Saa nane mchana Masunga, manju aliyeongoza nyimbo za kikundi cha Bagika, aliweka sanduku lake la amplifaya mezani.

"Mwadila, mayu," alimsalimu mama fundi kwa Kisukuma. "Limenyamaza. Saa kumi tunashindana na wapinzani wetu Bagalu, na wao spika zao zinanguruma. Watu wote watakwenda kwao."

"Na likinishinda?"

"Nitamtaja uwanjani aliyeshindwa."

Nyamizi alifungua skrubu. Ndani mlikuwa na uji mweusi unaonuka samli.

"Baba Masunga, nini hiki?"

"Dawa ya kuvuta watu. Tunapaka ngoma, tunapaka miguu. Na hili si linaimba pia?"

Nyamizi alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Dawa yako ina mkaa, baba, na mkaa unapitisha umeme. Umeunguza transista."

Alikuwa na moja tu ya kufaa, aliyoichomoa kwenye redio iliyokufa. Alisafisha kwa spiriti, akachomelea. Kabla hajafunga, Masunga alichomoa kibuyu cha dawa kiunoni. Nyamizi akamdaka mkono.

"Hii ikiungua, sina nyingine."

"Sijawahi kuingia uwanjani bila dawa, mayu." Mtu mzima aliogopa kweli.

"Paka ngoma, paka miguu. Humu ndani dawa ni mimi." Kisha akamwonea huruma. "Wala usijione mjinga. Mwalimu Anatoli wa shuleni alinisomea gazeti la nje: wataalamu wanatengeneza transista kwa vitu vya kaboni, ndugu zake mkaa. Wanazipaka kama rangi, na kila mwaka zinaongezeka kasi. Ila wao wanajua wapake wapi."

Masunga alirudisha kibuyu taratibu.

Saa kumi sauti yake ilipasua uwanja, safi, na watu waliowazunguka Bagalu wakageuza shingo.

"Nyamizi wa Kasoli, mikono yako ni dawa!" aliimba. "Na Wazungu wameanza kuiga dawa yangu!"

Watu walivuka uwanja mbio. Nyamizi alifungua kinywa kukanusha hilo la Wazungu, kisha akawaona wale wa mlango wa nyuma wako mbele kabisa, wakiliitikia jina lake kwa sauti kubwa. Akafumba kinywa, akapiga makofi.