Swali Moja la Ziada

Mawakili mjini kwetu ni wengi kiasi kwamba ukirusha jiwe litampata mmoja, naye atakushtaki. Ndiyo maana darasa letu zima la mwaka wa mwisho lilikuwa likiiota nafasi moja ya kazi, ile ambayo Msumari huitoa kila mwaka ofisini kwake. Msumari alitufundisha sheria ya ushahidi, na mahakamani mashahidi walimwogopa kuliko jela. Tulimpa jina hilo kwa sababu akishakugongelea, hung'oki. Mimi waliniita Pingamizi, maana hakuna kinachopita mbele yangu bila kukibishia.

Somo lake kubwa lilikuwa moja. Ukimhoji shahidi, usiulize swali usilolijua jibu lake. Alilirudia huku akipita mbele yetu na viatu vyake vya kahawia vilivyong'arishwa, nasi tukaandika kama vifaranga wanaodonoa.

Nilipoitwa kwenye usaili, kaka yangu, fundi wa kuchomelea vyuma aliyenilea tangu wazazi wetu walipofariki, alininyooshea koti jeusi kwa mkono wake mwenyewe. Akawatangazia majirani kwamba nyumba sasa ina wakili. Nilimwambia haraka haraka haina baraka. Akasema baraka tumeshazisubiri vya kutosha.

Nilikuwa nimekaribia mlango wa ofisi niliposikia watu wakipiga kelele za mwizi. Kijana mwembamba alitoka mbio na simu mkononi. Muuza viatu akampiga mtama, akaanguka kifudifudi, na mtaa mzima ukamwangukia. Walipiga kwa mateke, kwa mikanda, kwa kiti cha chuma. Mama wa duka la vitabu, anayetuita wanangu kila tukinunua kalamu, alikuja na jiwe la kuzuilia mlango. Nilisikia mfupa ukivunjika. Ulivunjika kama kuni kavu.

Mtu mwenye akili timamu angekimbilia polisi. Mimi, kichwa kimejaa miaka minne ya sheria, nilipenya katikati, nikainua mkono kama niko mbele ya jaji.

"Mimi ni wakili wake," nikasema. "Ana haki ya kusikilizwa."

Ni mwanafunzi wa sheria peke yake anayeweza kukosea hivyo. Mtaani, wakili wa mwizi ni mwizi mwenzake. Mtu mmoja akasema, taratibu kabisa, kumbe wako wawili, na ngumi ikanifika mdomoni. Jino likatoka. Nikaanguka kando ya kijana, mkanda ukanichana shingo, mtu akanikanyaga vidole. Uso wa kijana ulikuwa karibu na wangu. Akaniita dada. Kisha kiatu cha kahawia kikamshukia kichwani, kikainuka, kikashuka tena, na tena, mpaka jicho lake likaacha kunitazama.

Nikafumba macho kungoja zamu yangu. Badala yake nikasikia sauti iliyozoea kujaza ukumbi bila kipaza sauti.

"Huyo mwacheni. Huyo ni mwanafunzi wangu."

Wakaniacha. Umati ukatawanyika, na muuza viatu akarudi kupanga viatu vyake. Msumari alininyanyua, akanipandisha ghorofani kwa mlango wa nyuma, akanipa leso yake nijifute damu. Simu ilikuwa yake, alieleza, na hasira zilimpanda. Kuhusu usaili nisiwe na wasiwasi, nianze kazi Jumatatu. Nilimshukuru, tena kwa dhati, kwa kuwa bila yeye ningekuwa maiti. Na papo hapo nilimchukia.

Inspekta wa polisi akaingia na kuuliza nani ameona nini. Msumari akajibu kwamba alishuka fujo zikiwa zimekwisha, akaniokota tu. Inspekta akanigeukia. Nikaliona koti alilolinyoosha kaka, mkono wake umechanika. Nikaliona lile jicho pia.

"Aliyemmaliza ni huyu," nikasema. "Kwa kiatu."

Msumari hakukasirika. Alitabasamu kama anavyotabasamu mbele ya shahidi aliyekwisha kuiva. Akauliza kama nilikuwa chini, nikakubali. Macho yalikuwa na damu? Yalikuwa nayo. Viatu vya kahawia mjini ni vingi? Vingi sana. Angeishia hapo, ningekuwa sina kesi. Lakini alikuwa amenogewa.

"Sasa mweleze inspekta," akasema. "Kama watu hao walikuwa wanaua, kwa nini wewe uko hai?"

"Kwa sababu wewe uliwaambia waniache, mwalimu. Wakati bado wanapiga."

Inspekta aliinama akatazama viatu, hasa penye nyuzi za soli palipoganda damu, akamwomba avivue.

Msumari alitolewa kupitia ukumbi wa mapokezi akiwa na soksi tu. Wenzangu waliokuwa wakisubiri usaili, hawajui hili wala lile, walisimama wote na makoti yao meusi wakamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, kwa mazoea.

Kaka akapiga simu kuuliza kama nimepata kazi. Nikamwambia sina kazi, na jino moja limetoka. Akauliza kwa ile sauti yake ya kutafuta nyundo ni nani aliyenipiga.

Nilichungulia dirishani. Mama wa duka la vitabu alikuwa anamuuzia mwanafunzi kalamu.

"Watu, kaka," nikasema. "Watu tu."