Mikono ya Baada ya Mechi

Koleo aliacha shule mapema na hakuna aliyelia, hata mwalimu. Jina hilo alipewa kwa sababu ya vidole vyake: akikushika mguu, umeshikwa. Alikuwa mchua misuli wa timu ya daraja la pili. Chumba chake kilikuwa na meza moja ya kulalia wachezaji, ndoo, taulo zilizochoka, na dawa ya kuchua ambayo huchoma pua kabla haijafika kwenye ngozi.

Alhamisi hiyo, saa nane mchana, aliyekaa juu ya meza hakuwa beki wala mshambuliaji. Alikuwa mdogo wake wa kike, mwaka wa pili chuoni, anasomea ufamasia. Nyumbani wote walimwita Msomi. Wiki ya tatu sasa hajapata usingizi wa maana. Macho mekundu, taya limekaza kama anang'ata kamba.

"Nimeandika barua ya kuacha chuo," alisema. "Ofisi inafungwa saa kumi. Naipeleka leo."

"Mtihani si Jumatatu?"

"Ndiyo maana. Nikisoma mstari wa pili, wa kwanza umeshatoka kichwani. Juzi maabara dawa nimeimwaga yote."

"Na hizi siku tatu ninazokuchua, hakuna kitu?"

"Ukinichua ndiyo kabisa. Nikitoka hapa naweza kukimbiza gari."

Koleo hakupenda kusikia hivyo. Mikono hii ilishainua watu walioletwa kwa machela.

"Lala kifudifudi. Leo naongeza nguvu. Na ukilala je?"

"Nikilala masaa mawili tu, barua naichana mbele yako. Ila silali, kaka. Najijua."

Koleo akapaka dawa, akaanza. Viganja vikashuka mabegani pa! pa! pa! kama anapigana na godoro.

"Vuta pumzi! Jaza kifua! Jumatatu unaingia, unawanyoosha! Nani Msomi?"

"Mimi," alijibu, kwa sauti ya mtu anayekiri kosa.

Mama Jezi, anayefulia timu tangu Koleo hajaota ndevu, aliingia na beseni lake. Akasimama, akatazama.

"We Koleo, huyu mtoto anacheza namba ngapi?"

"Hachezi. Hapati usingizi."

"Hapati usingizi, na wewe unamchua kama wa kuingia uwanjani? Si umpulizie na filimbi kabisa!" Akasonya, akabeba jezi zake, akatoka.

Mikono ya Koleo ikabaki hewani.

Kila mchua misuli anajua hili. Kabla ya mechi unachua haraka, kwa vishindo, na dawa kali, mwili uamke. Baada ya mechi unachua taratibu, mwili ushuke. Yeye alisifiwa kwa ile ya kwanza, basi siku tatu nzima alikuwa akimwamsha mtu anayelilia usingizi. Na si mikono tu, mdomo nao. Mama kila jioni simu: kaza mwanangu, tegemeo letu ni wewe. Mjomba naye na meseji zake. Ukoo mzima ulikuwa umejipanga kando ya uwanja unapiga kelele, na hakuna hata mmoja aliyemwambia mtoto wa watu kwamba mpira umekwisha, akaoge.

"Nimekosea," alisema. Neno hilo kwake lilikuwa adimu kama mshahara wa mapema.

Akaifuta ile dawa kwa taulo yenye maji. Akapasha mafuta ya kawaida viganjani. Vidole gumba viwili akaviweka pale shingo inapokutana na kichwa, akabonyeza, akatulia. Kisha akashuka mgongoni, polepole mpaka akajishangaa.

"Vuta kwa pua, hesabu nne. Toa kwa mdomo, hesabu nane. Kama unapoza chai ya mtu unayempenda."

Msomi akajaribu. "Nimekosea. Nimeishia sita."

"Sita sawa."

"Umesema nane."

"Hapa hakuna anayesahihisha. Mimi mwenyewe hesabu nilikuwa napata mbili kwa hamsini."

Msomi akacheka, na kile kicheko kikatoka kirefu, kikaisha chenyewe. Pumzi iliyofuata hakuihesabu.

Baadaye akauliza, uso umezama kwenye taulo, "Kaka, nikifeli?"

Jana Koleo angesema huwezi kufeli. Leo akasema, "Ukifeli umefeli. Utarudia. Ikishindikana utarudi nyumbani, tugombane nani aoshe vyombo. Sisi ni ndugu zako, siyo wadhamini."

Mabega ya Msomi yakatikisika, akalia bila sauti. Koleo hakusema pole wala hakusimamisha mikono. Alipofika kwenye nyayo, pumzi zilikuwa zinatoka mbali na kuchelewa kurudi. Akainua mguu mmoja. Ulikuwa mzito, umemwachia uzito wote. Akaurudisha mezani kama yai.

Saa kumi ikafika, ikapita. Nahodha akasukuma mlango.

"Koleo, goti langu..."

"Goti lako bovu tangu mwaka juzi, litasubiri," Koleo alinong'ona.

Nahodha akachungulia, akavua viatu vyenye njumu, akaondoka na soksi. Huko nje akasikika akiwanyamazisha wenzake.

Saa kumi na moja kasoro simu ikalia kwenye mkoba wa Msomi. Koleo akairukia, akatoka nayo mlangoni. Alikuwa mama, aliyeko safari ya siku nzima kutoka pale.

"Msomi! Umekaza, mwanangu?"

"Ni mimi, mama. Usimwambie akaze. Leo wala kesho."

"Kwa nini? Mtihani si..."

"Amelala."

Mama akashusha sauti, kana kwamba naye yumo chumbani. "Amelala kweli?"

"Saa ya pili hii. Anakoroma."

"Basi nyamaza, baba," mama akanong'ona. "Utamwamsha."