Gari Ambalo Kwao Haliuzwi

1.

la kijani, milango mitano, kioo cha mbele kimesimama wima kama mwalimu wa zamu. Hilo ndilo gari la Sekondari ya Itundu Juu, huko Makete, na shule nzima inaliita Kifaru. Hakuna jingine. Mvua zikianza, hakuna jingine linalopita, hata la majirani.

2.

Yaliyosikika uwanjani, saa ya uji, wanafunzi wakimzunguka mwalimu wao kutoka ng'ambo:

"Mwalimu Keiko, kwenu magari kama Kifaru yako mengi?"

"Kwetu? Hapana. Kiwanda kiko kwetu, karibu na kwa shangazi yangu. Lakini gari hili kwetu haliuzwi."

"Haliuzwi?"

"Linauzwa kwenu, na nchi nyingine chache. Kengele hiyo. Darasani!"

Wenzake wakakimbia. Betina Tweve, Kidato cha Tatu, akabaki na kikombe mkononi, uji ukipoa.

3.

Haliuzwi.

4.

Hebu fikiria, wewe unayesoma. Mama lishe anapika wali, anawapakulia wateja, halafu yeye mwenyewe anatuma mtoto akamletee ugali kwa jirani. Ungeendelea kutafuna?

Betina hakuendelea. Uchunguzi ukafunguliwa rasmi.

5.

SHAHIDI WA KWANZA: Mzee Ilomo, dereva. Alihojiwa akiwa chini ya gari. Miguu tu ndiyo iliyotoa ushahidi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nipe spana hiyo, namba kumi na nne."

"Babu, hili gari lina mfuko wa hewa? Ule unaofura likigonga?"

"Lina mfuko wa nailoni, chini ya kiti. Nabebea mahindi."

"Wanaolitengeneza hawalitaki, babu."

"Basi watuletee yote."

6.

SHAHIDI WA PILI: wakala wa magari, mjini. Alihojiwa kwa simu ya matroni (matroni alikuwa anaoga) na kwa sauti nzito ya Betina.

"Hapa Mkurugenzi Tweve. Kwa nini Kifaru haliuzwi kwao?"

"Mheshimiwa, kule sheria ya moshi ni kali. Tena gari jipya lazima lipite majaribio ya kugongwa. Kulibadilisha Kifaru lipite yote hayo ni kazi kubwa, na wanunuzi kule wachache. Barabara zao lami."

"Kwa hiyo moshi tuvute sisi, na kugongwa tugongwe sisi."

"Si hivyo, mheshimiwa. Injini zile mpya zinataka dizeli safi sana. Ukizipeleka huko Makete zinakohoa mwezi wa kwanza tu."

"Nani amekwambia niko Makete?"

"Lafudhi yako, mheshimiwa."

Bafuni, maji yakaacha kumwagika. Mahojiano yakaishia hapo.

7.

(Kipande hiki kimechukuliwa na mwalimu wa nidhamu.)

8.

Makete ni nchi ya viazi, na kila bweni la Itundu Juu lina fundi wake wa mihuri: kiazi kimoja, wembe mmoja, wino wa zambarau. Ni lazima. Wanafunzi wa pale hawaamini tangazo lisilo na muhuri, hata likitangaza nyama.

TANGAZO KWA WOTE

YAH: GARI HATARI

Inatangazwa kwamba gari lijulikanalo kama Kifaru LIMEPIGWA MARUFUKU katika nchi lilikozaliwa. Raia wa huko akikutwa ndani yake hufikishwa mahakamani. Kuanzia leo, atakayelipanda amelipanda kwa hiari yake, na mabaki yake yatarudishwa kwa wazazi yakiwa yamekunjwa vizuri.

Kwa utii na huzuni,

IDARA YA KUCHUNGUZA VITU TUNAVYOLETEWA

(muhuri)

Umeona? "Haliuzwi" ililala usiku ikaamka "marufuku". Betina naye aliiona tofauti hiyo.

Akaipenda.

9.

Alitegemea kicheko.

Hakuna aliyecheka. Timu ya netiboli ilienda mashindanoni kwa miguu. Mpishi alitoka sokoni na kabichi kichwani, Kifaru likimfuata nyuma polepole na Mzee Ilomo akimbembeleza dirishani: "Mama, hebu panda." "Panda wewe."

Jioni hiyo Betina alikula akiwa na furaha isiyoelezeka. Serikali nzima, kwa kiazi kimoja!

10.

Alhamisi, mchana, mvua.

Sekela Mbilinyi, anayelala kitanda cha juu ya kile cha Betina, alikuwa amejikunja sakafuni akishika tumbo upande wa kulia. Matroni alimbonyeza mara moja tu.

"Kidole tumbo hiki. Hospitali, sasa hivi. Mwiteni Mzee Ilomo."

Sekela akakumbatia nguzo ya mlango.

"Sipandi lile gari."

"Sekela, lile tangazo niliandika mimi."

"Mwongo. Lina muhuri."

"Kiazi, Sekela! Kiazi!"

"Unasema hivyo ili nipande."

"Betina," akasema matroni, "umeandika nini?"

"Baadaye, matroni."

11.

Uso wa Betina ulikuwa na kipaji. Ulishawahi kumdanganya mkuu wa shule mara mbili katika wiki moja. Ungeweza kabisa kusema: ni salama, wamelipima wataalamu, nimeona kwa macho yangu.

"Niangalie," akasema Sekela. Jasho lilikuwa linamtiririka. "Lile gari ni salama?"

Moshi. Kugongwa. Barabara zao lami.

"Sijui."

Sekela akaikaza mikono kwenye nguzo.

"Kwa nini kwao hawaliuzi, nimeambiwa, na bado nina mashaka. Lakini sijasikia popote kwamba limekatazwa. Hilo nilitunga. Na leo hakuna lingine litakalofika. Wewe lala nyuma na matroni. Mimi nakaa mbele, kwenye kioo."

"Ukinidanganya nikafa, nitakutokea."

"Njoo na muhuri."

Sekela alitaka kucheka, tumbo likamkataza. Akaachia nguzo.

12.

Mwalimu Keiko alikuja mbio, mwavuli umegeuka juu chini. "Na mimi naenda."

"Mwalimu," akanong'ona Mzee Ilomo, "kwenu hawatakushtaki?"

"Nani anishtaki?"

Betina akatazama nje kwa makini mno.

13.

Mtoni, daraja la miti halikuwepo. Palikuwa na maji tu, ya kahawia, yakipita na matawi.

Mzee Ilomo alisimamisha gari, akatoa kichwa dirishani, akayatazama muda mrefu kama mtu aliyekutana na mdeni wake baada ya

"Funga vioo."

Nyuma yao ukapanda moshi mweusi, ule ule wenye sheria yake kwa wenyewe. Kifaru likashusha pua. Maji yakagonga milango, yakaingia, ya baridi, yakapanda hadi vifundoni. Sekela aliguna mara moja, kwa sauti ambayo Betina hakuwahi kuisikia kitandani juu yake. Tairi la mbele likatafuta jiwe, likalipata, likateleza, lika

"Betina!" Sekela akaita kutoka nyuma. "Bado uko mbele?"

"Nipo."