Programu Niliyoiondoa Siku ya Nane

Kompyuta yetu ilitoka mtaa wa Baba Dogo, kwenye kiwanda alichofanyia kazi mume wangu, Faki. Ofisi yao iliponunua mpya, za zamani zilipangwa ukutani na wafanyakazi wakaambiwa wachukue kabla hazijapelekwa kwa wanunuzi wa vyuma. Yake aliileta kwetu Ziwani begani, skrini ameifunga kwa sweta lake. Akaiwekea mfumo wa Linux, kwa kuwa mwenzake wa kazini alimwambia ndiyo inayozikubali mashine zilizochoka.

Ilikuwa na kasoro moja. Betri ndogo ya ndani, ile inayolinda saa, ilikuwa imekufa. Ukiizima leo ukaja kuiwasha wiki ijayo, yenyewe inajua bado ni leo. Mpaka uiunganishe na intaneti ndipo izinduke na kuruka hadi tarehe ya kweli. Faki alikuwa akisema huyo ndiye peke yake humu ndani asiyezeeka.

Alipowekwa shifti ya usiku, mimi nilikuwa nikienda darasa la jioni Buruburu, siku tatu kwa wiki, kusomea kompyuta. Jannat, binti yetu, alikuwa na miezi minane. Jioni hizo alibaki na jirani yetu Nthoki, na kulala ilikuwa vita. Ndipo Faki akaweka programu ya kurekodi sauti. Alasiri, kabla ya kuondoka, aliketi pale na kopo lake la chai akamsimulia mtoto. Kulikuwa na hadithi ya sungura aliyepanga chumba Ziwani akagombana na kila jirani kwa sababu ya kamba ya kuanikia nguo. Kulikuwa na wimbo ambao hakuujua ubeti wa pili, basi akauimba wa kwanza mara tatu. Nthoki alichohitaji ni kuifungua programu na kubonyeza. Rekodi zilifika kumi na nne. Zilikuwa zimejipanga humo humo ndani ya programu, na mimi, mwanafunzi wa kompyuta, sikuwahi kuuliza hasa zinakaa wapi.

Faki aliugua siku tano. Ya sita tulimzika.

Mama yake, Bi Salme, alihama Majengo akaja kukaa nami eda, miezi minne na siku kumi bila mimi kutoka nje. Nilishukuru. Ni mwanamke wa maneno machache, na siku hizo maneno mengi yangenivunja. Usiku wa kwanza, Jannat alipolia bila kunyamaza, nilinyoosha mkono kuiwasha kompyuta nimwekee baba yake. Bi Salme akaniwekea kiganja juu ya mkono.

"Tungoje arobaini," akasema. "Mtu akizikwa huachwa atulie. Siku hiyo tutamsikiliza sote, tukimwombea."

Sikujua kama hiyo ni dini au ni desturi ya kwao tu. Sikuuliza. Nilikuwa nimechoka, na nilimwona naye anavyoiangalia ile mashine, kama mtu anayeogopa mlango.

Mtihani wetu wa mwisho ulikuwa siku ya nane baada ya mazishi. Nilishaukatia tamaa. Lakini mwalimu wetu, Irungu, mtu mpole ambaye hufundisha huku akitembea, alipiga simu akasema amenitafutia njia: nitaufanya nikiwa nyumbani, nikiweka programu ya mtihani kwenye kompyuta yangu. Bi Salme alinitazama akasema Faki ndiye aliyenipeleka darasani, basi nimalize. Akamchukua Jannat kifuani akaenda naye uani.

Niliunganisha mashine na intaneti ya simu, nikaandika amri ya kuweka programu. Ikakataa, nafasi haitoshi. Irungu alikuwa kwenye laini akaniambia nimsomee orodha ya zilizomo na ukubwa wake. Iliyobeba nafasi kuliko zote ilikuwa ile ya kurekodi.

"Ondoa hiyo," akasema. "Mtihani ukiisha utairudisha."

"Na sauti zilizomo, mwalimu?"

"Mama Jannat, darasani nilisemaje? Programu ni jiko, faili ni chakula. Ukiuza jiko, chakula kinabaki kabatini."

Alikuwa amelisema darasani mara nyingi, hata tulikuwa tukimalizia sisi. Na ni kweli kwa programu nyingi. Zipo nyingine, nilikuja kujifunza baadaye, zinazokuja kama kontena lililofungwa, na kila zinachokiandika hukiweka kwenye chumba chao wenyewe. Zikihama, huhama na kabati.

Nikaandika amri ya kuondoa. Ikanidai neno la siri. Neno alilochagua Faki lilikuwa jina la mtoto na mwaka aliozaliwa. Unapoliandika halionekani, skrini haisogei hata nukta, unajiandikia gizani. Nikaandika Jannat, nikaandika mwaka. Ukapita mstari mmoja wa haraka ukisema kuna kitu kinahifadhiwa, ukafutika kabla sijaumaliza kuusoma. Halafu ikaniambia imeondolewa. Nafasi ikapatikana, mtihani nikafanya, nikaizima mashine na kuifunika leso.

Siku zilizofuata nilifanya kama alivyosema Bi Salme. Nilingoja. Kuna siku niliinua pindo la leso nikalirudisha. Nilikuwa najiambia, bado ishirini, bado kumi na mbili. Nadhani kungoja huko ndiko kulikonibeba. Wengine wanangoja barua au mshahara. Mimi nilikuwa na kumi na nne zangu ndani ya kasha lile, na hakuna aliyeweza kunizikia hizo.

Arobaini ikafika. Wanawake wa kisomo walijaa chumbani hadi kizingitini, wakasoma, wakala, wakaomba dua. Nthoki alikuwa amekuja tangu asubuhi kumenya vitunguu, amejifunga kitambaa kichwani kwa heshima yetu ingawa yeye ni wa kanisani. Wageni walipopungua, Bi Salme alikaa kwenye kiti cha Faki. Alikuwa amevaa kanga mpya. Akasema, haya.

Nikaitoa leso. Mashine iliamka polepole, na Nthoki akamnong'oneza Jannat kwamba babu huyu lazima anyooshe miguu kwanza. Hata Bi Salme alitabasamu. Nikatafuta folda ya nyumbani, nikatafuta ya muziki, nikaandika jina la sungura, nikaandika jina la Faki. Hakuna. Nikasema labda zinaonekana tu programu ikiwepo, na nilijiamini niliposema hivyo. Nikawasha intaneti ya simu, nikaunganisha, nikaweka upya ile programu. Ilichukua dakika kumi. Bi Salme alikuwa akizungusha tasbihi yake, macho kwenye skrini.

Ikafunguka. Ilikuwa nyeupe kabisa. Katikati imeandikwa kwamba hakuna rekodi, bonyeza hapa kuanza.

Nilitoka nayo simu hadi uani nikampigia Irungu. Akasema nimpe nusu saa aulize wanaojua zaidi. Alipopiga tena, sauti yake ilikuwa ya mtu anayebeba kitu kwa mikono miwili. Akaniambia kwamba programu za namna ile zikiondolewa, mfumo wenyewe huweka nakala ya vitu vyake kimyakimya. Ule mstari uliopita haraka ndio huo. Unairudisha kwa amri moja.

Nilikaa chini palepale, juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nikasema alhamdulillahi.

"Ngoja," akasema. "Huitunza siku thelathini na moja tu. Zikipita, hufuta. Uliondoa lini?"

Nikahesabu kwa vidole nikijua tayari. Kutoka ya nane hadi ya arobaini ni thelathini na mbili.

"Siku moja," nikasema.

"Lakini yako saa yake imekufa, sivyo? Hujaiwasha katikati?"

"Sijaiwasha."

"Basi yenyewe bado iko siku ya mtihani. Haijahesabu chochote. Mama Jannat, sikiza vizuri, usiiunganishe na intaneti kabisa. Iache hivyo hivyo, nikwambie amri ya kuandika."

Nikamwambia nimeshaiunganisha. Nilikuwa naona mbele yangu pembe ya skrini, pale tarehe inapokaa. Nilikuwa nimeiona nilipowasha, tarehe ile ile ya mtihani, na nikaona vile ilivyoruka simu iliposhika. Sikuijali. Kwa mashine, Faki alikuwa amezikwa siku nane tu zilizopita, na sauti yake ilikuwa bado na siku thelathini na moja za kuishi. Mimi ndiye niliyeivusha zote kwa pumzi moja.

Irungu alinielekeza hata hivyo jinsi ya kuangalia nakala zilizohifadhiwa. Nilirudi ndani nikaandika. Jibu lilikuwa mstari mmoja, hakuna zilizopo. Akaniambia hata faili iliyofutwa wakati mwingine huwa na mabaki kwenye diski. Nikampa Nthoki diski ile, akaizungusha kwa mafundi watatu mjini wiki nzima. Wa tatu alisema diski ilikuwa imejaa pomoni, na niliporudisha programu nikailaza juu ya mabaki yenyewe. Irungu aliomba radhi mpaka nikamwambia anyamaze. Alibadilisha ule mfano wake. Nasikia wanafunzi wapya siku hizi huambiwa, kabla hujaondoa kitu kiulize kwanza vitu vyake kinaviweka wapi.

Kumwambia Bi Salme ndiko kulikonishinda. Nilimweleza kwa maneno ya nyumbani, bila diski wala mfumo. Kwamba zilikuwapo hadi leo alasiri. Kwamba tungezisikiliza hata jana. Alisikiliza hadi mwisho, akaweka tasbihi mapajani.

"Niliyesema tungoje ni mimi," akasema.

Nilipaswa kumwambia siyo yeye. Neno lilikuwa pale mdomoni. Nikalimeza, kwa sababu kwa kitambo kidogo lile kosa lilikuwa jepesi tukilibeba wawili, na nikaliacha limlemee mama wa mtu usiku mzima. Asubuhi ndipo nilipomwambia. Akajibu, "Nilijua utasema." Kisha akaniuliza kama mtoto amekunywa uji.

Nthoki alijaribu. Alimsimulia Jannat hadithi ya sungura, kwa maana alikuwa ameisikia mara nyingi kuliko sisi sote. Aliikumbuka vizuri, hata ile kamba. Lakini Faki alikuwa akikwama kidogo kabla ya neno sungura, kama mtu anayefikiria achague mnyama gani, na hilo haliigiziki. Jannat alisikiliza, halafu akatazama kompyuta. Alifanya hivyo siku kadhaa. Siku moja akaacha, na hiyo ndiyo siku niliyolia kuliko zote.

Eda ilipokaribia kuisha, cheti changu kilifika. Bi Salme alikuwa anafunga mizigo yake arudi Majengo. Alasiri hiyo nilikuwa nafua uani, naye yuko ndani na mtoto. Akaniita. Alikuwa amekaa kwenye kiti kile, Jannat mapajani, mashine inawaka, na ile programu nyeupe iko wazi mbele yake. Sikuwa nimeiondoa. Siondoi kitu tena.

"Alikuwa akibonyeza wapi?" akaniuliza.

Nikamwonyesha. Akabonyeza kwa kidole chote, kama anayekandamiza muhuri. Namba zikaanza kutembea. Nikarudi kwenye beseni langu ili nisimwonee haya wala yeye asinionee.

Aliondoka siku ya pili yake. Nilipobaki peke yangu na Jannat, nikaifungua. Ni dakika nne na sekunde kumi na moja. Hakusimulia kitu. Anasikika akivuta pumzi kama anataka kuanza, halafu haanzi. Maji yangu yanamwagika huko uani. Gari linapiga honi barabarani. Jannat anazungumza ile lugha yake. Karibu na mwisho Bi Salme anasema, kwa sauti ndogo, "Faki," tena kama mtu anayeita mtoto aje kula. Kisha kinabonyezwa kitufe.

Niliuliza kwanza inakaa wapi. Nikaipata, nikaitoa humo, nikaiweka kwenye folda ya nyumbani, na nakala kwenye flashi, na nyingine kwa Nthoki. Jannat akilia jioni namwekea. Anatulia anapojisikia mwenyewe.