Mke wa Susu

Syombua alikuwa amebakiza kazi moja ya utafiti ili ahitimu shahada ya sosholojia, aliyoisoma mtandaoni kwa miaka minne papa hapa Kalamba, simu ikiegemezwa dirishani ambako mtandao haukukatika sana. Mada yake ilikuwa iweto: mwanamke asiyejaliwa mtoto kumtolea mahari mwanamke mwenzake, ili amzalie watoto wa nyumba yake. Hakwenda mbali kuitafuta. Nyanya yake, Susu Kaveke, ndiye aliyemwoa Wayua, mama yake Syombua, kwa mbuzi na asali. Mazungumzo aliyoyarekodi na Susu yalikuwa moyo wa kazi nzima, na siku ya kuiwasilisha ilikaribia.

Asubuhi moja Susu akamjia dirishani.

“Yale maneno yangu, yafute.”

“Lakini Susu, nimebadilisha majina. Hakuna atakayekujua.”

“Kalamba hii? Hata kuku wangu anajulikana ni wa nani! Kina mama wa kanisa wanakuja Jumamosi kunihoji. Wakiridhika, nitaikaribia meza ya Bwana kabla sijafa. Mchungaji amesema ndoa kama ile ni ya shetani.”

“Bila maneno hayo nitarudia mwaka mzima.”

“Si wewe uliyeniambia naweza kujitoa saa yoyote? Ama ulikuwa unanilainisha tu?”

Syombua akaichukua simu. Aliamini kwa dhati kwamba mtu si shamba la kuvunwa na mtafiti. Akayafuta maneno yale mbele ya Susu, kisha akamwandikia msimamizi wake. Jibu lilikuwa fupi: ajiandikishe upya mwaka ujao. Akalia, uso kaufunika kwa leso.

“Umefanya vyema,” mama yake akamwambia. “Ametutunza sisi miaka yote. Mwache apate amani yake.”

Jumamosi wageni walifika, wakiongozwa na Mama Mulei, mwenye kicheko cha kutikisa mabati.

“Kaveke, chai gani hii nyeusi hivi? Ng’ombe wako amegoma?”

“Amegoma, dada! Anangoja nyongeza kama walimu!”

Walipokwisha kucheka, Mama Mulei akaweka kikombe chini. “Sasa tuambie bila kuficha. Watu husema huyu Wayua ulimwoa. Ni kweli?”

Wayua alikuwa amesimama mlangoni na birika. Syombua akamtazama Susu, akitumaini angekiri kwamba ni kweli yalikuwapo, na kwamba ameyakabidhi kwa Mungu.

“Watu wana midomo,” Susu akasema. “Ni mfanyakazi. Nilimtoa Kitui, njaa ikitaka kumuua.”

“Na huyu msichana?”

“Amezaliwa hapa tu. Baba hajulikani. Nimemlea kwa huruma.”

“Bwana asifiwe,” wakaitikia wote, na Mama Mulei akamshika Susu mkono.

Hadi dakika hiyo Syombua alidhani amepoteza mwaka tu. Akainuka aseme, lakini mama yake akambonyeza bega, akampita, akainama na kumjazia Mama Mulei kikombe. Syombua akamfuata hadi jikoni.

“Mama, mbona umenyamaza?”

Wayua alikuwa akichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

“Kwani mfanyakazi huongea mbele ya wageni?” akasema. “Chukua sukari, uwapelekee. Wanangoja.”